Maji ya Kisima Chetu Yana Nini? Somo la Kemia kutoka Ruiru na Thika

Katika kurasa za jarida hili la Chama cha Kiswahili umezoea kusoma mashairi, vitendawili na visa vya kuvunja mbavu. Leo niruhusu nikuletee maji. Mwalimu mlezi wa chama aliposikia nataka kuandika somo la kemia kwa Kiswahili, kwanza alicheka, kisha akaniambia, "Andika, lakini ukikwama kwa neno usikimbilie Kiingereza." Nimejaribu. Nikiteleza, unisamehe.

Nina ndugu mdogo aliye Gredi ya 5. Ni mcheshi kupindukia, lakini siku hizi akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Meno yake ya mbele, yale yaliyoota baada ya meno ya utotoni kung'oka, yana michirizi ya kahawia na madoa meupe kama chaki. Kuna siku alirudi nyumbani akilia kwa sababu ameambiwa mbele ya darasa zima kuwa hapigi mswaki. Jioni hiyo nilimfumania nyuma ya nyumba akisugua meno kwa mkaa na majivu mpaka ufizi ukatoka damu. Mimi meno yangu ni meupe, na haki ya Mungu sipigi mswaki kumshinda. Tumezaliwa tumbo moja na tunapakuliwa sufuria moja. Mbona basi?

Tofauti yetu ni moja tu. Wazazi walipohamia Ruiru kutafuta riziki, yeye alibebwa mgongoni akiwa mtoto mchanga. Mimi niliachwa Gatundu kwa shosho mpaka nilipofika darasa la tatu, nikinywa maji ya mto na ya mvua. Ploti yetu ya Ruiru ina kisima chake kirefu kilichochimbwa kwa mtambo. Maji yake ni meupe pe, hayana harufu, wala hayakauki Januari. Majirani wa ng'ambo ya barabara huja na mitungi yao kununua.

Shosho alipotutembelea Desemba aliyasifu mno. "Maji yenu ni matamu," alisema. "Sabuni kidogo tu, povu limejaa karai. Githeri imeiva kabla sijamaliza kuchambua mboga. Na birika lenu halina ule ukoko mweupe." Tafadhali, msomaji, zishike sifa hizo tatu kama unavyoshika nauli kwenye matatu. Tutazihitaji.

Sasa tuanze na mawe. Thika na Ruiru zimekaa juu ya mawe ya volkano. Huhitaji kuchimba ili uyaone. Nenda kwenye maporomoko ya Chania na ya Thika, pale karibu na hoteli ya Blue Posts, utazame kuta za mwamba. Au tazama mawe ya Ndarugu yanayopita barabarani kwa malori kwenda kujenga majumba. Nayo ni zao la volkano. Mamilioni ya miaka iliyopita, Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka, lava na majivu yalimiminika kuja upande wetu wa mashariki, tabaka juu ya tabaka. Wanajiolojia huyaita mawe hayo fonoliti na trakiti. Katikati ya tabaka kuna majivu yaliyogandamana na matope ya mito na maziwa ya kale. Visima vyetu virefu hunywa humo.

Mvua inyeshapo kwenye miteremko ya Nyandarua huwa karibu haina kitu ndani yake. Ikizama udongoni hukutana na hewa ya kaboni dioksaidi itokayo kwenye mizizi na vijidudu, hewa ileile inayotoa mapovu kwenye soda. Maji yanakuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo hulamba mwamba polepole, mwaka baada ya mwaka, na kuchukua madini: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na wenzao. Hapo pia hutokea bikaboneti, neno ambalo tutakutana nalo tena tukifika shambani.

Maji yakiendelea kusafiri chini kwa chini hufika penye udongo wa mfinyanzi. Udongo huu ni kama matatu ya Thika Road saa kumi na mbili jioni. Imejaa, na hapandi mtu mpaka mwingine ashuke. Kalsiamu inataka kupanda, basi sodiamu inashuka ndani ya maji. Kwa vile kalsiamu ina chaji mbili na sodiamu ina moja, kila kalsiamu moja ikipanda, sodiamu mbili hushuka. (Kondakta huyu hakosei chenji hata siku moja.) Kadiri maji yanavyokaa chini kwa muda mrefu ndivyo kalsiamu inavyopungua na sodiamu inavyozidi.

Na hapa ndipo panapoingia mhusika wetu mkuu, floraidi. Imo ndani ya mawe haya ya volkano, nayo hutoka kidogo kidogo na kuingia majini. Kalsiamu ikiwa nyingi, floraidi huungana nayo yakawa madini magumu kuyeyuka, yakatua yakabaki hukohuko chini. Lakini kalsiamu imekwisha panda matatu! Floraidi inabaki huru, inapandishwa na pampu mpaka kwenye tangi, na kutoka tangini mpaka kwenye kikombe cha mtoto.

Zirudie sasa sifa za shosho. Sabuni inatoa povu upesi kwa kuwa hakuna kalsiamu wala magnesiamu ya kuigandisha. Birika halina ukoko kwa sababu ukoko ule ni kalsiamu. Githeri inaiva upesi kwa sababu maji yana sodiamu na bikaboneti, na hiyo ni sawa na kutia magadi kidogo sufuriani, jambo ambalo shosho mwenyewe hulifanya mahindi yakiwa makavu sana. Yaani kila alichokisifu kilikuwa dalili ya maji ambamo floraidi hupenda kukaa. Nilipoligundua hili nilikuwa nimekaa maabara, nikasema "Wee!" kwa sauti, mwalimu wa Kemia akaniuliza kama nimeungua.

Lakini tusiwe na pupa. Dalili si kipimo. Maji ya mvua pia hutoa povu jingi na hayana floraidi ya kutajika. Povu linakuambia kwamba kalsiamu ni kidogo, basi. Kiasi cha floraidi hujulikana kwa kupimwa tu, maana haina rangi, haina harufu wala haina ladha.

Unaweza kujaribu mwenyewe, kama tulivyofanya sisi baada ya masomo. Chukua chupa tatu zilizosuuzwa vizuri: moja ya maji ya mvua, moja ya kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono, moja ya kisima cha mtambo. Yeyusha sabuni ya kipande, kisha dondosha tone moja moja katika kila maji huku ukitikisa na kuhesabu, mpaka povu lisimame kwa dakika moja. Maji ya mvua yalitosheka kwa matone machache. Kisima kirefu kilifuata nyuma yake karibu sana. Kisima cha mkono ndicho kilichotula sabuni. Halafu tukachemsha maji ya kisima kirefu mpaka yakakauka, likabaki vumbi jeupe. Tulipolitia maji kidogo ya mvua, sehemu kubwa ya vumbi hilo iliyeyuka tena na kugeuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa buluu. Vumbi la kalsiamu halingeyeyuka hivyo. Lile letu lilikuwa ndugu yake magadi.

Je, floraidi kiasi gani ndiyo nyingi? Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika kila lita, na Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, hutumia mpaka huohuo. Chini ya hapo, kiasi kidogo huyasaidia meno yasioze, ndiyo maana wameitia katika dawa ya meno. Ikizidi, humwingilia mtoto wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, yaani kuanzia kuzaliwa mpaka kama miaka minane. Jino huota likiwa tayari limeharibika. Hivyo mkaa na majivu ni kazi bure, na mtoto anayekaripiwa kuwa mchafu anaonewa. Mimi niliokoka kwa sababu meno yangu yalikuwa yameshajengeka nikiwa Gatundu. Ikizidi sana tena kwa miaka mingi, floraidi huingia mifupani na viungo vikakakamaa.

Usidhani basi kwamba ni balaa la ploti yetu pekee. Matokeo ya uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1984, wa sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya chini ya ardhi kote Kenya, yalionyesha kuwa asilimia 61 zilikuwa na floraidi iliyopita miligramu 1 kwa lita, na karibu asilimia 20 zilipita miligramu 5. Watu wa Nakuru wanalijua jambo hili kutuzidi. Huko Dayosisi ya Katoliki imekuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa kuwa mfupa huinasa floraidi. Tanzania nayo ina kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kilichojengwa kwa ajili ya tatizo hilihili.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni hili: "Si uchemshe tu?" La hasha! Kuchemsha huua vijidudu. Floraidi haifi, kwa sababu haikuwa hai. Maji yanapopanda juu kama mvuke, floraidi hubaki sufuriani katika maji machache zaidi, na kwa hiyo nguvu yake inaongezeka. Klorini pia haiigusi.

Huenda sasa unasema, afadhali kisima cha mkono. Pole pole. Mitaa yetu imejaa. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu karibu laki 5, na nyumba nyingi hutegemea vyoo vya shimo au matangi ya maji taka yaliyochimbwa palepale kwenye ploti. Kisima cha mkono kina kina kifupi, na maji yake yanatoka karibu na miguu yetu. Floraidi yake kwa kawaida ni ndogo, lakini huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha pamoja na nitrati, ambayo hutokana na kinyesi, samadi na mbolea za shambani. Mpaka wa nitrati ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa kwa maji hayo anaweza kukosa oksijeni katika damu, midomo ikawa ya buluu. Vijidudu utaviua kwa kuchemsha, ila nitrati hutaiondoa kwa moto. Basi kisima kirefu kina kosa lake na kisima kifupi kina lake, wala macho hayaoni lolote kati ya hayo mawili.

Sasa twende shambani, maana somo hili lina upande wa pili. Mjomba wangu hulima sukuma wiki na spinachi upande wa Juja, kwenye ule udongo mweusi unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Alinunua maji ya kisima kirefu cha jirani ayamwagilie kwa mpira. Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri. Kufikia msimu wa tatu udongo ulikuwa umeweka gamba juu, maji yakawa yanasimama badala ya kuzama, na mboga zinanyauka zikiwa zimesimama ndani ya tope. Akalaumu mbegu. Akalaumu mbolea. Maji hakuyalaumu, kwa sababu aliyaonja akaona hayana chumvi.

Hapa ulimi unadanganya tena. Tufanye hesabu, wale wa Kemia mtanielewa, na wengine mvumilie aya moja. Tuseme maji yana sodiamu miligramu 115 kwa lita, kalsiamu 8, magnesiamu 1.2 na bikaboneti 305. Ili tuhesabu chaji badala ya uzito, gawanya sodiamu kwa 23, kalsiamu kwa 20, magnesiamu kwa 12 na bikaboneti kwa 61. Unapata sodiamu 5, kalsiamu 0.4, magnesiamu 0.1 na bikaboneti 5. Jumlisha kalsiamu na magnesiamu, ni 0.5, gawanya kwa 2, ni 0.25, kipeuo chake cha pili ni 0.5. Sasa gawanya sodiamu kwa hiyo 0.5: jibu ni 10. Nambari hii huonyesha jinsi sodiamu inavyowazidi wenzake, na kwa mujibu wa mwongozo uliotolewa mwaka wa 1954 na maabara ya chumvi ya Marekani iliyoko Riverside, California, chini ya 10 hatari ni ndogo, kuanzia 10 mkulima aanze kuangalia udongo wake. Halafu toa 0.5 katika bikaboneti 5, unabaki na 4.5. Nambari hii ya pili ikiwa chini ya 1.25 maji ni salama kwa shamba, ikipita 2.5 hayafai. Yetu imepita mbali. Na bado maji hayo ukiyaonja utasema ni matamu!

Kinachotokea shambani ni ile matatu yetu ikirudi kinyume. Jua likikausha maji, bikaboneti iliyozidi huishika kalsiamu ya udongo na kuigeuza kuwa chembe za chokaa. Viti vinabaki wazi, na sodiamu inavikalia. Udongo wa mfinyanzi uliojaa sodiamu huvimba na kumomonyoka kuwa vumbi laini linaloziba kila kitundu. Ndilo lile gamba. Udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika hupitisha maji vizuri, nao huvumilia zaidi. Ule mweusi wa Juja hauna subira.

Tiba ipo. Jasi ikitiwa udongoni huleta kalsiamu mpya na kuishusha sodiamu. Samadi iliyooza hufungua udongo. Mvua za masika na za vuli husafisha kiasi. Ila jambo lililonifurahisha zaidi ni hili: maji ya kisima cha mkono, yale yaliyokataliwa kwa mtoto kwa sababu ya nitrati, kwa sukuma wiki nitrati hiyohiyo ni chakula. Sharti umwagilie chini kwenye shina, usirushie majani, na mboga zioshwe na kupikwa kwa sababu ya vijidudu. Mjomba alipoelewa alicheka, akasema amekuwa akinywa maji ya mboga na kuipa mboga maji ya kunywa. Si kweli kabisa, kwani lile la kisima kirefu nalo lina floraidi, lakini alikuwa ameshika njia.

Nyumbani tuna kitinda mimba wa miezi saba, ameanza uji. Ndiyo sababu sikuweza kuliacha jambo hili liishie maabara. Nilimwendea landilodi na baba, nikiwa natetemeka, nikamuuliza kwa adabu kama kisima kiliwahi kupimwa maji. Kwa kawaida anayechimba kisima huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na maji hupimwa kisima kikiisha. Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na faili yenye vumbi, karatasi ya mchimbaji ikiwa ndani yake. Vijidudu: hakuna. Rangi: safi. Mstari wa floraidi ulikuwa na nambari kubwa kuliko 1.5, na kando yake mtu alikuwa amechora alama ndogo ya kalamu nyekundu. Karatasi hiyo ilikuwa imekaa ndani ya faili kwa miaka yote ya meno ya ndugu yangu. Landilodi alisema aliposoma "hakuna vijidudu" alifunga faili.

Maji ya kisima bado tunafulia, tunaogea na kuoshea vyombo; kwa hayo ni maji mazuri. Ya kunywa na ya kupikia uji tunakinga mvua. Paa la mita mraba 20 likinyeshewa milimita 50 hutoa lita 1,000, na hilo ndilo tangi aliloturuhusu kuliweka. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunaiacha imwagike ioshe mabati, inayofuata ndiyo tunayoikinga, nayo tunaichemsha. Lita 6 kwa siku zinatosha watoto, kwa hiyo tangi likijaa mwisho wa Mei lina siku 166, hata vuli ichelewe. Yakipungua sana, tutachanganya nusu kwa nusu na ya kisima: floraidi ikiwa 3, mvua huishusha hadi 1.5. Mambo ya vipimo vya tangi nimemwachia ndugu yangu wa Gredi ya 5. Amechora mistari ya chaki ubavuni, na kila asubuhi husoma kimo cha maji na kukitangaza kwa sauti kama mtangazaji wa redio, mdomo wazi.